Wa Mwisho Kuingia Juani

Nahodha wa Fahali wa Lurambi hatangulii mahali penye kitu kizuri. Ndiyo mila yao, na ilianza enzi zile timu yao ya raga ilipokuwa na sufuria moja ya ugali na wanaume thelathini wenye njaa. Wadogo wanakula kwanza, wakubwa wanafuata, nahodha anakwangua ukoko. Baadaye sufuria ziliongezeka, wakaja kuku, likaja basi lenye viti vya kulalia, lakini nahodha alibaki kuwa wa mwisho. Wa mwisho kula, wa mwisho kuoga, wa mwisho kupanda basi. Watu wa Lurambi walijivunia jambo hilo kuliko vikombe vyote kabatini, na nahodha wa sasa, Ambani Lusweti, alilishika kama dini.

Basi jua lilipokuja, nalo likaingizwa katika mila hiyo hiyo, na hakuna aliyewaza mara mbili.

"Jua" ni jina walilolipa wachezaji wenyewe. Lilikuwa sanduku refu lililosimamishwa wima katika chumba cha kubadilishia nguo, ukubwa wake kama choo cha shimo, ndani limejaa vijitaa kutoka chini hadi juu. Mtu anaingia na kaptula tu, anavaa miwani myeusi, anafungiwa mlango, anasimama muda wa kusali sala fupi. Nusu ya mwanga ule ulikuwa mwekundu. Nusu nyingine jicho la binadamu haliuoni kabisa, na huo usioonekana ndio uliokuwa na kazi. Unapenya ngozi, unapenya mafuta, unafika kwenye msuli, na kule ndani ya kila chembe unachochea meko madogo madogo yanayochoma chakula na kukigeuza kuwa nguvu. Taka za uchovu zinafagiliwa. Mtu anatoka humo kama aliyelala tangu jana.

Mwanzoni walilitumia kupunguza ukakamavu wa miguu baada ya mechi, na hapo lilikuwa jambo la heri. Kisha kila timu ikawa na lake. Wachezaji walipoacha kuchoka, watazamaji wakaanza kunung'unika kwamba mechi zinaisha upesi, na wakubwa wa ligi wakaongeza muda hadi saa mbili nzima, na mapumziko yakawa nusu saa ili kila mtu apate zamu yake juani. Mwishowe wakaondoa benchi la akiba. Akiba wa nini, walisema, ikiwa hakuna anayechoka? Siku hizi mtu akiumia anatoka, na wenzake wanabaki pungufu. Na akitoka mmoja wa wale watatu wa mbele kwenye skramu, pale wanane wanapokabana mabega na wanane wenzao, timu yake inahesabiwa kushindwa hapo hapo, kwa sababu kazi ile haifanywi na mtu asiyefunzwa. Unaweza kuvunjika shingo.

Ambani alikuwa mmoja wa wale watatu.

Na aliyeshika swichi ya jua alikuwa Imali, mtaalamu wa misuli wa timu. Wachezaji walimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari, naye alishachoka kuwasahihisha. Ambani alimwita hivyo mbele za watu tu. Wakiwa wawili alimwita Senje, maana Imali alikuwa kitinda mimba wa upande wa babake, shangazi aliyemzidi mpwa wake miaka michache tu. Alimbeba mgongoni kuzunguka boma zima akiwa bado yeye mwenyewe anahitaji kubebwa. Kaka yake, babake Ambani, alipofariki, ni yeye aliyempeleka kijana yule kwenye uwanja wa raga, na ni yeye aliyemwingiza juani kwa mara ya kwanza. Alimpenda kuliko mtu yeyote aliye hai, na hilo halikuwa siri kwa mtu.

Alasiri ya fainali, Fahali wakikutana na Nyuki wa Molo, zamu zilikwenda kama kawaida. Wadogo kwanza. Mlango unafunguka, mmoja anatoka anameremeta jasho, mwingine anaingia. Chumba kikajaa joto na harufu ya mafuta ya kuchulia.

"Nahodha, leo ingia mbele yangu," Temesi alimtania. Temesi ndiye aliyebanana na Ambani bega kwa bega katika skramu, na ulimi wake haukuwa na kufuli. "Ni fainali. Mizimu itaangalia kando."

"Ingia uache maneno," Ambani akasema. "Ukoko ni wangu."

Wote walipokwisha, Imali aliweka kiganja kwenye paja la mpwa wake kabla hajaingia. Alifanya hivyo kwa kila mchezaji. Alipogusa, paja lilikuwa gumu kama gogo, na alipobonyeza halikulegea.

"Legeza mguu."

"Nimelegeza."

Imali akabonyeza tena. "Jana ulilala?"

"Nililala."

"Ulilala usingizi au ulilala kitandani?"

Ambani akacheka. "Senje, unauliza kama hakimu. Usingizi wa nini? Tangu msimu uanze sijachoka hata siku moja. Natoka mazoezini, nafika nyumbani nachukua jembe, na bado mwili unauliza kuna nini kingine."

Zamani kidogo Imali angefurahi kusikia hivyo. Siku ile maneno yale yalimkaa vibaya kifuani. Lakini waimbaji walikuwa wameshaanza ngoma huko nje, na Kocha Mukabwa alikuwa mlangoni anagonga saa yake kwa kidole, basi akamfungulia mlango wa jua.

Kipindi cha kwanza kiliisha timu zikiwa sare. Fahali waliingia chumbani wakiwa na matope hadi masikioni, wamechangamka, wanasukumana foleni ya jua. Imali akawasha, akaanza tena na wadogo. Ilipofika zamu ya Temesi, alitokea msalani badala ya kutoka kwenye foleni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Daktari," akamnong'oneza, "nahodha anakojoa chai."

"Chai gani?"

"Ya rangi. Nenda uone mwenyewe. Ameniambia nisikwambie."

Imali akamwingiza Temesi juani, akaenda. Maji yalikuwa yamekatika uwanjani, kwa hiyo alichokiacha Ambani kilikuwa bado pale pale. Kahawia nzito, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Mkojo wa namna hiyo aliusomea chuoni, na alimwomba Mungu asije akauona. Ni nyama ya mtu inayeyuka. Msuli uliotumikishwa kupita kiasi unapasuka chembe kwa chembe, unamwagika kwenye damu, figo zinaziba, na chumvi iliyokuwa imefungiwa ndani ya msuli inakwenda kuugonga moyo. Moyo unaweza kusimama mtu akiwa katikati ya sentensi.

Lakini kwa nini yeye peke yake? Wote walikaa juani muda ule ule. Alirudi akasimama mbele ya sanduku, Temesi akatoka, na kabla hajamwita Ambani akatia mkono ndani. Vioo vya taa vilikuwa vinaunguza. Akachukua kipima mwanga kutoka mfukoni mwa koti lake, kile alichokitumia kila asubuhi, akakielekeza kwenye taa. Mshale ukapanda, ukapita alama ya kijani, ukapita nyekundu, ukagonga mwisho wa kioo na kukaa huko.

Hapo akaelewa. Kila asubuhi alilipima jua likiwa baridi, kama mpishi anayeonja mchuzi kabla chumvi haijayeyuka. Taa zilipashana moto mtu baada ya mtu, na kadiri zilivyoshika moto ndivyo ule mwanga usioonekana ulivyoongezeka. Wa kwanza alipata kiasi chake. Wa katikati alipata zaidi kidogo, hakudhurika. Wa mwisho alipata mafuriko. Timu nyingine walioga jua kwa namba za jezi au kwa kupiga kura, leo huyu mwisho, kesho yule. Lurambi peke yake ndiko kulikokuwa na mtu mmoja aliyekuwa wa mwisho siku zote, mazoezi na mechi, tangu msimu uanze, kwa sababu ya heshima. Na yeye, Imali, alikuwa pale pale ameshika swichi, akimsifu.

"Daktari, mbona umeganda?" Kocha Mukabwa aliuliza. "Mwingize nahodha. Muda unakwenda."

"Kocha, toa watu kidogo. Nataka nimwone peke yake."

Mukabwa alimtazama, akamtazama Ambani, akaona kuna jambo na akaamua kutolijua. "Mtu mzima akisema yuko sawa, yuko sawa," akasema, akawaswaga wengine nje.

Walibaki wawili. Ambani alikuwa amekaa kwenye ubao, na magoti yake yalikuwa yanatikisika taratibu, juu chini, juu chini. Alionekana hajui kwamba yanatikisika.

"Nimeona msalani," Imali akasema.

"Temesi ana mdomo kama tarumbeta."

"Nyama zako zinayeyuka, Ambani. Si mfano wa maneno. Zinayeyuka na kuingia kwenye damu. Ukirudi uwanjani, moyo wako unaweza kusimama."

"Unaweza."

"Ndiyo, unaweza. Mimi si mganga wa kuona mbele. Umeanza lini kuona rangi hiyo?"

"Muda sasa."

"Mficha maradhi, baba."

"Kifo humuumbua, najua. Basi kiniumbue baada ya mechi." Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Senje, sikiliza. Nikitoka mimi, mechi imekwisha. Hawa vijana kumi na wanne watavua jezi wakilia kwa sababu yangu. Watu wametembea kutoka Malava, kutoka Butali, wamefunga maduka. Baada ya filimbi unipeleke popote unapotaka. Unifunge kamba. Lakini usinitoe mbele ya watu hawa."

"Ni mimi niliyekuunguza," Imali akasema, na machozi yakamlenga. Akamweleza habari ya taa na moto wake, haraka haraka. "Kosa ni langu."

"Kosa ni la nani tutalitafuta jioni. Sasa hivi niwashie."

Njia ilikuwa moja, na Imali aliijua. Avuke chumba, afungue mlango, amwambie refa: mchezaji huyu mgonjwa, atoke. Maneno machache tu. Fahali wangeshindwa, Lurambi nzima ingemtemea mate, na Ambani asingemwita Senje tena maisha yake yote, ila maisha yenyewe angekuwa nayo. Alifika hadi kushika kitasa. Kisha akageuka akamwona amekaa pale, ana sura ya marehemu kaka yake, anamwomba kwa macho, na moyo ukamshinda.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mwanga ule hauonekani, na kwamba hata ule mwekundu hauonekani nyuma ya miwani myeusi.

"Haya," akasema. "Ingia."

Ambani akavaa miwani myeusi, akaingia. Imali akafunga mlango, akazima taa, ambazo zilikuwa bado za moto, na feni ya sanduku akaiacha inavuma. Alisimama pale muda wa sala fupi, asisali chochote. Aliona hesabu yake imekamilika. Bila jua, Ambani angetoka kwa nguvu zake mwenyewe tu, na mtu mwenye nguvu zake mwenyewe huchoka. Angekimbia kidogo, mapafu yangewaka, magoti yangegoma, naye mwenyewe angeinua mkono aombe kutoka. Hakuna ambaye angesema Imali alimtoa. Mwili ungemwambia kile ambacho shangazi yake alishindwa kukisimamia. Ujanja mwingi mbele kiza, wahenga walikwisha kuonya, lakini nani huwasikiliza akiwa katikati ya ujanja wake?

Mlango ulipofunguliwa, Ambani alijinyoosha. "Asante, Senje. Nimesikia joto lake."

Kipindi cha pili kilipoanza, Imali alisimama kwenye mstari wa pembeni, hakuutazama mpira hata mara moja. Alimtazama mtu mmoja. Alingoja aone ameshika kiuno. Alingoja aone amechelewa kuinuka, ameinama, anatafuta hewa.

Ambani hakushika kiuno. Alisukuma skramu ya kwanza na Nyuki wakarudi nyuma hatua nzima. Alikamata mtu, akaanguka naye, akainuka kabla yake. Akapokea mpira, akapenya watu wawili, akaangushwa, akainuka. Waimbaji wakaanza kutaja jina lake katika nyimbo. Kwa muda Imali alijidanganya kwamba ni ushujaa, kwamba damu ya Walusweti ndivyo ilivyo, na atachoka tu, subiri kidogo.

Wengine ndio walioanza kuchoka. Mechi ya saa mbili ni ndefu hata kwa walioota jua, na kuelekea mwisho Temesi alikuwa anatembea, vijana wa pembeni wameweka mikono magotini. Hata Nyuki, wenye jua jipya la gharama, walikuwa wazito. Mtu mmoja tu katika uwanja mzima alikuwa na kasi ile ile aliyoanza nayo, na mtu huyo hakuwa ameota jua hata kidogo wakati wa mapumziko. Imali akaacha kujidanganya. Meko yale ndani ya msuli hayakuhitaji mtu wa kuyachochea tena. Yalikuwa yamejifunza kuwaka yenyewe.

Akamkimbilia Mukabwa. "Kocha, mtoe. Mtoe sasa hivi."

"Nani?"

"Ambani. Ni mgonjwa, anaweza kufa."

Mukabwa akanyoosha kidole uwanjani, pale Ambani alipokuwa anawaburuta watu wawili waliomning'inia mgongoni. "Huyo? Unanitolea mtu anayekimbia hivyo? Daktari, kaa chini unywe maji."

Imali akaenda kwa refa wa pembeni, akamshika mkono, akamwambia yote kwa pumzi moja: mkojo, taa, moyo. Refa yule alikuwa mtu mstaarabu, akamsikiliza. Kisha akatazama uwanjani, akashindwa kuzuia kicheko. "Mama, hapa kuna watu ishirini na tisa wagonjwa na mzima mmoja. Huyo mzima ndiye unayetaka nimtoe? Au umetumwa na Nyuki?"

Imali alipaza sauti, alimwita Ambani kwa jina, akamwita hata kwa jina la nyumbani alilopewa na bibi yake. Ngoma zilimmeza. Dakika za mwisho, Fahali walisukuma skramu kwenye mstari wa Nyuki, na skramu yote ilionekana kusukumwa na mtu mmoja, hadi ikavuka na mpira ukaguswa chini kwa pointi za ushindi. Filimbi ikalia. Fahali wa Lurambi walikuwa mabingwa.

Wachezaji wote wakaanguka pale pale waliposimama, washindi na walioshindwa, vifua vikipanda na kushuka. Ambani hakuanguka. Alisimama kidogo, akageuka, akaanza kutembea. Alitembea upesi, magoti juu, kama askari kwenye gwaride, akaruka mwili wa Temesi na kuja moja kwa moja hadi kwa Imali. Alipomfikia hakusimama. Alimzunguka, mara moja, mara ya pili.

"Senje," akasema kwa sauti ndogo. Midomo yake ilikuwa imekauka, na rangi ya uso wake haikuwa rangi ya mtu. "Miguu haitaki kusimama. Naiambia, haisikii."

"Kaa chini, baba. Jiangushe tu, nitakudaka."

"Haikubali." Akamshika bega, na mkono wake ulikuwa unaunguza. "Nimechoka, Senje. Nimechoka sana, sijawahi kuchoka hivi, na haisimami. Zima. Tafadhali, kazime lile jua lako."

Imali aliufunika mkono ule kwa wake.

"Nililizima," akasema. "Wakati wa mapumziko. Nilikufungia ndani nikazima, Ambani. Hukupata kitu."

Ambani alimtazama huku miguu inaendelea, na alionekana kutomkasirikia. Alionekana kama mtoto aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. "Sasa hii ni nini?" akauliza.

Imali aligeuka akapiga kelele ambulensi iletwe, akamwona dereva wake kule mbali amepanda juu ya boneti anacheza na watu. Akapiga kelele tena, hakuna aliyesikia. Basi akapitisha mkono kiunoni mwa mpwa wake, akaanza kutembea naye, maana kumwacha aende peke yake hakuweza. Walifuata mstari mweupe wa pembeni. Chini ya mkono wake aliusikia moyo wa Ambani unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena.

Jukwaani watu walimwona nahodha wao anazunguka uwanja baada ya saa mbili za vita, magoti juu, na mwanamke wa timu ubavuni mwake analia. Wakadhani ni machozi ya furaha. Wakainuka mstari kwa mstari, wakubwa kwa wadogo, wakawapigia makofi.